Asali ya Ukurasa wa Kumi na Tatu

Watu wa Nairobi huamini chochote kilichopigwa chapa. Nimepanga herufi za risasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha River Road kwa miaka kumi na minne, na sijaona bado la kunifanya nifikiri vingine. Mwambie mtu kwa mdomo kwamba nyumba yake inaungua, atakuuliza wewe ni nani na unataka nini. Mwandikie hayo hayo kwenye karatasi ya manjano kwa herufi nene, atabeba godoro na kukimbia. Nimewahi kuchapa vipeperushi vya nabii mmoja aliyetangaza mwisho wa dunia mara tatu, na mara zote tatu alirudi kwetu kuchapisha tarehe mpya, akiwa na wafuasi wengi kuliko awali.

Kwa hiyo Hezekiah Muthama alipoingia kiwandani mwezi wa tatu mwaka wa 1974, amevaa koti jeupe la muuza nyama, sikushtuka. Alikuwa karani wa stoo aliyestaafu, mtu wa Machakos, na sasa alikuwa amekodi chumba ghorofani kule Ngara na kujiita Daktari wa Chakula Asilia. Mfukoni alikuwa na kioo cha kukuzia vitu. Kioo hicho ndicho kilichokuwa hospitali yake nzima.

"Toa ulimi," aliniambia, kabla hata ya kunisalimu.

Sijui kwa nini niliutoa. Nadhani ni lile koti. Aliuchungulia kwa kioo chake mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingoja kadi za harusi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyefurahi sana.

"Mnaona hii nyeupe? Hiyo ni kuvu. Iko tumboni, ikishiba ndiyo inapanda mpaka huku juu. Wazungu wanaiita kandida. Wewe ni mtu wa wapi, Western?"

"Bungoma."

"Nilijua. Nyinyi watu wa huko ni ugali, chai ya sukari na pombe ya busaa. Tumbo yenu imekuwa shamba ya kuvu."

Wale wateja walicheka. Nilirudisha ulimi mahali pake na kumchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Alikuwa ameleta daftari la shule lililojaa mwandiko wa kikarani, safi, umeinama kulia. Kijitabu chake kingeitwa *Safisha Tumbo, Uishi*. Alichosema ndani yake ni kwamba kuvu hiyo huishi kwa sukari, basi mwenye utando mweupe mdomoni, gesi, kuwashwa na uchovu aache sukari, mkate, mandazi, soda, pombe ya chungu na ya chupa, na kila kitu kilichoumuliwa kwa hamira. Ale mboga za managu na terere, maharagwe, kitunguu saumu kibichi, maziwa lala, na ugali wa mtama kidogo tu, wa kuonja. Afanye hivyo siku thelathini bila kuiba. Mambo hayo aliyatoa katika gazeti fulani la ng'ambo alilolikuta stoo likifungia vikombe, na mengine aliyatoa kichwani mwake, na hakuna aliyeweza kuona mpaka ulipo. Leo sitasema yote yalikuwa upuuzi. Wakati ule nilisema, na nilisema kwa sauti, nikimsomea Tobias aliyeendesha mashine, naye alicheka hadi akaunguza kidole kwa sigara yake.

Shida ilikuwa kurasa. Kijitabu kama kile hutoka kwenye karatasi moja kubwa inayokunjwa mara tatu, na karatasi hiyo hutoa kurasa kumi na sita. Haitoi kumi na nne hata umlilie nani. Maneno ya Muthama, pamoja na picha yake amekunja mikono, yaliishia ukurasa wa kumi na mbili. Nilimwambia zimebaki nne tupu.

"Jaza tu," alisema. "Weka kitu ya maana. Si nyinyi ndio mnajua kazi?"

Hiyo ndiyo kawaida ya kazi yetu. Kurasa zikibaki tunaweka kalenda, au sala, au jedwali la kuzidisha. Siku hiyo nilikuwa bado na hasira ya ulimi wangu. Nilisimama mbele ya visanduku vya herufi nikaanza kutunga moja kwa moja, herufi baada ya herufi, bila kuandika kwanza popote. Juu niliweka kichwa kwa herufi nene: KULIJENGA TUMBO UPYA. Kisha nikaendelea hivi: Mpendwa mlaji, baada ya siku thelathini tumbo lako ni kama nyumba iliyopigwa deki na kuachwa bila kiti. Sasa lirudishie vyombo vyake. Kula asali vijiko vitatu asubuhi, vitatu mchana na vitatu jioni, kwani asali haikutoka kiwandani na kuvu haiijui. Fuatisha ndizi mbivu zilizopata madoa meusi, nne kwa siku, na gilasi mbili za maji ya miwa. Tafuna kila tonge mara arobaini. Kaa ukielekea kule ulikozaliwa, ili tumbo likumbuke chakula chake cha kwanza.

Hilo la mwisho nililitoa kwa kukhu wangu, yaani nyanya yangu aliyenilea. Alikuwa akitulisha sote tumeelekea magharibi, kwa sababu mlango wa jiko lake uliangalia huko na hakutaka kupoteza mwanga. Asali niliiweka kwa sababu Muthama alikuwa Mkamba, na sijapata kumwona Mkamba aliyesikia habari za asali akazikataa. Nilijaza kurasa zote nne. Nilifurahi kuliko nilivyokuwa nimefurahi kazini mwaka mzima.

Muthama alipokuja kusahihisha, alizipita kurasa zake kumi na mbili kama mtu anayepita majirani. Alipofika ya kumi na tatu alisimama. Aliisoma, akapitisha kidole chini ya neno asali, akaisoma tena.

"Hapa nimesema ukweli," alisema.

Tobias alilazimika kutoka nje. Tulichapa nakala elfu moja, Muthama akazibeba kwa mkokoteni hadi Ngara, na mimi nikasahau. Mtu hakumbuki mate aliyotema mwezi uliopita.

Karatasi zilizoharibika mashinani huwa nazichukua nyumbani kuwashia jiko. Tulikuwa tukiishi vyumba viwili nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, mimi na mke wangu Rael. Binti yetu Nanjala alikuwa shule ya bweni kule kwetu. Rael alishona sare za shule kwenye veranda ya duka moja hapo hapo. Tangu Krismasi hakuwa mzima. Alikuwa akikonda, alikuwa akikojoa mara kwa mara, na kiu yake ilikuwa ya ajabu. Mtungi wa maji uliokuwa ukitutosha siku mbili aliumaliza kabla ya saa nane mchana. Mdomoni alikuwa na utando mweupe ambao zahanati ilimpaka dawa ya zambarau, ukaondoka, ukarudi, akapakwa tena. Mimi nilimwita Mama Ng'ombe kwa sababu ya maji, na kwa sababu ya ile dawa nilimwuliza kama amekuwa akibusu chupa ya wino. Alikuwa akicheka. Siku zote Rael alicheka maneno yangu, na mimi nilihesabu hiyo kuwa ndoa nzuri.

Jumatatu moja mwezi wa nne alinipa chai isiyo na sukari, yake ikiwa hivyo hivyo.

"Sukari imeisha?"

"Iko, Baba Nanjala. Yako nimesahau tu. Yangu nimeacha."

Nikaona juu ya cherehani kile kijitabu. Alikuwa amezichukua zile karatasi mbovu, akazikunja, akazikata vizuri na kuzishona mgongoni kwa uzi mweusi, mshono mzuri kuliko wetu wa kiwandani. Nikacheka mpaka chai ikanipalia.

"Hata wewe, Mama Nanjala? Unajua huyo ni nani? Ni karani wa stoo. Amevaa koti ya butcher."

"Najaribu tu," alisema. "Zahanati wamenipaka mpaka wamechoka."

Basi akaanza kula majani. Managu asubuhi, maharagwe mchana, terere jioni, na kitunguu saumu kilichofanya veranda nzima ya cherehani inuke. Nilimtania kila siku. Nikirudi kutoka kazini nilimwuliza kama amelishwa au bado yuko malishoni. Na jambo la kuudhi ni kwamba alianza kupata nafuu. Kiu ilipungua. Utando ulififia bila dawa ya zambarau. Alimaliza sare za darasa zima kwa wiki moja, jambo alilokuwa hajaliweza tangu mwaka uanze. Ndiyo, mke wangu alipata nafuu na mimi nikaudhika, kwa sababu nafuu yake ilimpa ushindi mtu aliyeutukana ulimi wangu mbele ya wateja.

Mwezi ukaisha. Jumapili moja baada ya kanisa tulikaa kula, na Rael akaigeuza stuli yake, akanipa ubavu, akaelekea dirisha la magharibi, upande wa Ngong.

"Jua linakuumiza macho?" nilimwuliza.

"Hapana. Niko sawa hivi."

Akanitazama kando, akatabasamu kama mtu mwenye siri nzuri anayengoja kuulizwa. Sikumwuliza. Nilimwambia akiendelea kugeuka hivyo atakula na jirani.

Baada ya hapo hali ilirudi nyuma, na ilirudi kwa mbio. Kiu ilirudi maradufu. Mashavu yaliingia ndani. Alianza kulala mchana juu ya kitambaa, miguu ikiwa bado kwenye pedali ya cherehani. Nilimwambia, na nilimwambia nikiwa nimeridhika, kwamba nilijua majani yale yatamfikisha hapo, na kwamba akiendelea atakufa akiwa na tumbo safi kabisa. Alisema kitabu kinasema kujenga kunachukua muda. Sikumwuliza kitabu kinasema anajengwa kwa kitu gani. Sikumwuliza anakula nini saa zile niko River Road. Nilijiona najua anakula nini, upuuzi tu.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi wa tano alianguka pale kwenye veranda. Mwenye duka alimpakia kwenye gari lake la kubebea unga akampeleka hospitali, kisha akapiga simu kiwandani. Nilipofika, Rael alikuwa kitandani hajitambui, akipumua kwa nguvu na haraka kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Muuguzi aliyekuwa zamu, Sista Syokau, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alinivuta kando.

"Bibi yako anakula nini?"

"Majani," nilisema. "Kuna mganga mmoja Ngara amemnyima chakula. Hali sukari, hali mkate, hali kitu."

"Majani haifanyi hivi."

"Sista, mimi naishi naye."

"Sawa, unaishi naye. Lakini ako na ugonjwa ya sukari, na sukari yake imepita kipimo. Huyu mtu amekuwa akila kitu tamu, kila siku, na mingi. Kama angekaa na hiyo majani yako pengine angekuja hapa kwa miguu yake. Enda nyumbani uangalie anakula nini, urudi uniambie. Na uharakishe, daktari anataka kujua."

Nilienda. Sikuhitaji kutafuta sana. Chini ya meza ya cherehani kulikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo uliojaa asali hadi nusu, na mwingine kando yake uliokwisha kulambwa. Kulikuwa na ndizi zenye madoa meusi zimepangwa nne nne. Kulikuwa na vipande vya miwa vilivyokamuliwa ndani ya ndoo. Kijitabu kilikuwa wazi, kimebanwa kwa mkasi ukurasa wa kumi na tatu, na pembeni Rael alikuwa ameweka alama ya penseli kwa kila siku aliyomaliza. Alama zilikuwa ishirini na moja. Nilisoma: Mpendwa mlaji. Nikakaa kwenye stuli yake, na hata hiyo stuli ilikuwa imeelekea magharibi.

Mtu mwema angekimbia moja kwa moja hospitali. Mimi nilirudi, ndiyo, nikamwambia Sista Syokau ni asali na ndizi na miwa, na kwamba ni agizo la yule mganga. Naye alisema, "Ovyo kabisa," akaenda kwa daktari. Lakini kesho yake asubuhi nilikwenda Ngara na kile kijitabu mkononi, na sitadanganya kwamba nilikwenda kuwaokoa wengine. Nilitaka kuona uso wa mtu mwenye makosa zaidi yangu.

Muthama alikuwa na foleni kuanzia ngazini. Watu wazima, wengine na tai shingoni, wamesimama wakingoja kutoa ulimi. Nilipita mbele yao wote, nikamkuta ameinama juu ya mdomo wa mama mmoja na kile kioo chake.

"Hizi kurasa za mwisho," nilimwambia. "Zitoe. Chana kila kitabu ulicho nacho."

"Wewe si ni yule fundi wa River Road? Ngoja kwa laini kama wengine."

"Bibi yangu yuko hospitali kwa sababu ya hii asali."

Aliichukua karatasi, akaiangalia kwa kioo kana kwamba nayo ina ulimi. "Hii ndiyo sehemu watu wanapenda kuliko yote," alisema. "Hizo za mbele zinawakataza. Hii inawapa. Nimeifanyia utafiti miaka kumi na moja."

"Muthama, hizo niliandika mimi. Nilisimama pale nikazitunga. Wewe uliniambia nijaze."

Muthama akacheka, cheko la upole, na yule mama akafunga mdomo akacheka naye, na kutoka mlangoni foleni nzima ikacheka.

"Wewe?" alisema. "Wewe ni mtu wa kupanga herufi. Ungetoa wapi akili ya namna hii? Pole kwa mama. Lakini mgonjwa akifuata kitabu vibaya si makosa ya kitabu."

Nilimwangalia usoni nikitafuta uongo, sikuuona. Jinga lile liliamini. Lilikuwa limezisoma kurasa zangu mara nyingi hata zikawa kumbukumbu zake. Nikateremka ngazi nikiwa nimepandwa na hasira, na hasira hiyo ilinifaa, maana katikati yake nilipata wazo. Anazitaka? Basi na azichukue, na yote yaliyotoka ndani yake. Jina lake liko kwenye jalada. Picha yake iko ndani, amekunja mikono. Amekiri mwenyewe mbele ya watu ishirini.

Rael alifumbua macho siku ya tatu, Jumapili saa ya kutazama wagonjwa. Walikuwa wamemdunga sindano kila baada ya muda, na pumzi yake ilikuwa imetulia. Midomo ilikuwa imepasuka. Niliketi kando ya kitanda na machungwa niliyonunua njiani, ambayo Sista Syokau aliyachukua bila kuniuliza akaenda nayo.

"Mama Nanjala," nilisema, "yule Mkamba wa Ngara karibu akuue na asali yake. Nimeenda kwake. Amekubali mwenyewe kwamba ni yeye aliandika."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kuelewa mzaha.

"Hizo kurasa si zake," alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ni zake. Jina lake liko juu."

"Baba Nanjala." Akatabasamu, na mdomo ukamuuma. "Mtu wa Machakos atajua aje jiko ya kukhu? Hiyo ya kukaa ukiangalia kwenu, wewe ndiye ulinihadithia, kabla tuoane. Ulisema tumbo inakumbuka chakula ya kwanza. Nilipofika hapo nikajua ni wewe."

Alikuwa na hamu ya kusema, baada ya siku zile za usingizi.

"Hizo za mbele nilifuata kwa kujaribu. Zako nilifuata kwa sababu ni zako. Nilisema, huyu bwana yangu hawezi kuniambia pole kwa mdomo, yeye ni mtu wa mzaha. Sasa amepata dawa ya kwao ameniandikia, na karatasi ameniletea nyumbani nikaipate mwenyewe. Nilikuwa nageuza stuli ili uone nimepata. Nikafikiri umeona." Akapumzika kidogo. "Lakini kuna mahali nilikosea. Uliandika vijiko vitatu, hukusema ni ya chai ama ni ya mchuzi. Mimi nilitumia ya mchuzi. Ulimaanisha ya chai, sivyo? Nikirudi nyumbani nitatumia ya chai."

Pale ndipo nilipoona kwamba uongo wangu hautoshi. Daktari angemkataza, na Sista Syokau angemkataza, naye angewaitikia vizuri, kisha angerudi Dagoretti Corner na kupima asali kwa kijiko cha chai, mara tatu kwa siku, kwa sababu ni mimi niliyemwandikia. Ningemzika kwa heshima yake kwangu.

"Rael," nilisema. Sikuwa na mazoea ya kumwita hivyo. "Hakuna dawa hapo. Hakuna ya chai wala ya mchuzi. Nilikuwa nacheka. Yule mtu alinitukana, kurasa zilibaki, nikajaza nikicheka. Nilikuwa nawacheka watu wanaosoma vitu kama hivyo."

Kwenye kitanda cha pili mtu alikuwa akimenyewa yai na dada yake, na tulisikia maganda yakianguka kwenye sahani.

"Mimi ndiye husoma," alisema hatimaye. "Kila kitu unaleta ya kuwashia jiko, mimi husoma kwanza. Hata programu za mazishi za watu sijui. Kwa sababu ni kazi ya mkono yako."

"Sikujua."

"Nilipokuwa na kiu uliniita ng'ombe. Nilipopakwa dawa ya zambarau ukasema habari ya wino. Nilipoacha sukari ukasema niko malishoni." Hakuwa akilaumu. Alikuwa akiyapanga mbele yake taratibu, kama vipande vya kitambaa kabla ya kushona, ili aone ni nguo gani. "Mimi nilikuwa nikicheka pamoja na wewe. Nilikuwa nadhani hiyo ndiyo namna yako ya kupenda mtu."

Akageuza uso kwenye ukuta. Nilitafuta la kumjibu. Nilikaa pale hadi kengele ya kuwatoa wageni ikalia, nikitafuta, na yote yaliyonijia mdomoni yalikuwa ya kuchekesha.